Ukurasa Wako wa Kwanza Mtandaoni: Majibu kwa Wasomaji

Katika safu hii ninajibu maswali ya wasomaji wanaotaka kutengeneza ukurasa wao wa kwanza kwenye intaneti bila kuandika msimbo na bila kumlipa mtaalamu. Wengi wameulizia Google Sites, kwa hiyo ndiyo zana itakayotajwa zaidi. Pale ambapo zana nyingine inafaa kuliko hiyo, nimesema wazi. Maswali yamefupishwa, na majina ya waulizaji yameachwa kwa makusudi.

Nimehitimu shahada ya kwanza mwaka huu na ninatafuta kazi. Tayari nina akaunti kwenye mitandao kadhaa ya kijamii. Kuna haja gani ya kuwa na ukurasa wangu tena? Na kama ipo, nianzie wapi? (Mhitimu, Dodoma)

Mitandao ya kijamii hupanga mambo kwa namna inayoifaa yenyewe: cha leo kiko juu, cha mwaka jana kimezama. Mwajiri anayelitafuta jina lako atakutana kwanza na picha za mahafali na salamu za sikukuu, na ule mradi wa mwaka wa mwisho uliokukosesha usingizi huenda asiuone kabisa. Kwenye ukurasa wako mwenyewe ni wewe unayeamua kipi kitangulie na kipi kisionekane. Kwa mtu anayetafuta kazi, faida hiyo peke yake inatosha. Hata hivyo, kama huna cha kuonyesha zaidi ya jina la chuo na daraja la shahada, wasifu wa kurasa mbili utakufaa vilevile, na muda ambao ungeupoteza kuchagua rangi ni afadhali uutumie kufanya kazi moja ya kuonyesha.

Ikiwa kazi ipo, anza na karatasi. Andika sentensi moja au mbili zinazosema wewe ni nani na unafanya nini. Kisha chagua kazi mbili au tatu, na kwa kila moja ueleze tatizo lilikuwa nini, wewe binafsi ulifanya nini, maana mwajiri haajiri kundi zima, na matokeo yalikuwaje. Mwisho andika namna ya kukupata. Maneno hayo yakishakuwa tayari ndipo ufungue zana. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu kila zana humpokea mgeni kwa violezo vya kupendeza vyenye nafasi wazi hapa na pale, na mtu asiye na maandishi yake huishia kuzijaza nafasi hizo kwa kuwa tu zipo: kaulimbiu asiyoiamini, picha ya milima asiyowahi kuifikia, na sehemu ya maoni ya wateja ilhali hana mteja hata mmoja.

Kuhusu zana yenyewe, Google Sites ni ya bure na haiweki matangazo kwenye ukurasa wako. Ukifungua sites.google.com kwenye kompyuta na kuchagua ukurasa mtupu, utaona upande wa kulia sehemu tatu: ya kuweka maandishi na picha, ya kupanga kurasa, na ya kuchagua mwonekano. Kila unachofanya huhifadhiwa chenyewe, lakini hakuna mtu wa nje anayekiona mpaka ubonyeze kitufe cha kuchapisha kilicho juu upande wa kulia na uchague mwisho wa anwani yako, yaani maneno yatakayofuata baada ya sites.google.com/view/. Tangu hapo, kila badiliko linahitaji kuchapishwa upya. Wapo wanaorekebisha makosa, wakafunga kompyuta wakijua kazi imekwisha, na wageni wao wakaendelea kusoma toleo lile la zamani kwa miezi.

Wix na WordPress.com nazo zina ngazi ya bure, na violezo vyake vinavutia zaidi, lakini katika ngazi hiyo huweka matangazo au nembo zao kwenye kazi yako. Carrd inafaa sana kwa anayetaka ukurasa mmoja tu usio na matawi.

Tahadhari moja kwako wewe uliyetoka chuoni: usiujenge ukurasa huu kwa akaunti ya baruapepe uliyopewa na chuo. Akaunti za wanafunzi hufungwa baada ya muda, na zikifungwa huondoka na kila kilichomo, pengine katikati ya msimu wa usaili. Tumia akaunti yako binafsi tangu siku ya kwanza.

Mimi ni fundi wa kushona nguo za harusi. Sina kompyuta, nina simu janja tu. Naweza kujitengenezea ukurasa wa kazi zangu? (Fundi, Mombasa)

Unaweza, Fundi, ila si kwa Google Sites, kwa sababu sehemu yake ya kuhariri imetengenezwa kwa ajili ya kompyuta na kwenye simu itakusumbua bure. WordPress.com ina programu ya simu inayokuwezesha kuandika, kuweka picha na kuchapisha bila kugusa kompyuta. Njia nyingine ni kuandaa maandishi na picha zote kwenye simu, kuzituma kwenye akaunti yako, kisha kwenda saiba siku moja na kuzipanga hapo. Ukichagua njia hiyo, tumia dirisha la faragha la kivinjari, hakikisha umetoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka, na usikubali kompyuta ikuhifadhie nenosiri.

Mteja wako hatakuandikia baruapepe. Atataka kukutumia ujumbe wa WhatsApp akiwa bado anaitazama picha ya gauni, kwa hiyo mpe kiungo kinachomfikisha hapo kwa mguso mmoja. Kiungo hicho huandikwa https://wa.me/ kikifuatiwa na namba yako yenye msimbo wa nchi. Kwa Kenya utaanza na 254, kwa Tanzania 255, na kufuatiwa na tarakimu tisa za namba yako. Usiweke alama ya kujumlisha, usiweke ile sifuri ya mwanzo, wala usiache nafasi katikati ya tarakimu. Makosa haya matatu ndiyo yanayofanya viungo vingi visifunguke. Kiweke juu kabisa na ukirudie chini ya picha ya mwisho.

Kuhusu maneno, mteja anataka kujua mambo manne kabla hajakusumbua: bei inaanzia kiasi gani, kazi inachukua siku ngapi, uko mtaa gani, na kama unapima nyumbani kwa mteja. Andika bei ya kuanzia hata kama unaogopa washindani, kwa kuwa asiyeona bei hudhani ni kubwa. Picha zipige mchana karibu na dirisha, vazi likiwa limetundikwa au limevaliwa, na kama limevaliwa na bibi harusi, mwombe ruhusa kabla ya kumweka. Akisita, kata picha ibaki nguo.

Nimetengeneza ukurasa wa somo langu la Jiografia. Kwangu unafunguka vizuri, lakini wanafunzi wanaambiwa waombe ruhusa. Kosa liko wapi? (Mwalimu, Morogoro)

Mwalimu, karibu mara zote sababu ni mojawapo ya mbili. Ya kwanza ni mpangilio wa kushiriki: ukurasa uliochapishwa unaweza kuwa wazi kwa watu wote au kwa watu maalumu tu, na akaunti za shule mara nyingi hupangwa na msimamizi ili kurasa zionekane na watu wa shule hiyo peke yao. Fungua sehemu ya kushiriki, utafute mstari unaohusu toleo lililochapishwa, na uweke kwamba ni la umma. Mstari unaohusu rasimu ni jambo jingine. Huo uache umefungwa, la sivyo mtu mwingine ataweza kuhariri kazi yako. Kama akaunti ya shule inakukatalia, mwone msimamizi wake.

Sababu ya pili ni mafaili yaliyomo ndani. Ukiingiza ramani au maelezo ya somo kutoka kwenye Drive yako, yaani hifadhi yako ya mtandaoni ya Google, faili lile hubaki na ruhusa zake lenyewe. Ukurasa utafunguka, lakini palipo na faili mwanafunzi ataona sanduku tupu au ombi la ruhusa. Lifungulie kila faili peke yake, kwa kusoma tu, kisha ujaribu ukurasa katika dirisha la faragha ambamo hujaingia kwa akaunti yoyote. Jaribio hilo ndilo linalokuonyesha kile anachokiona mgeni.

Ninaandika mashairi na ninataka kuyaweka kwenye ukurasa wangu. Nikiyatazama kwenye kompyuta yamekaa sawa, nikiyatazama kwenye simu mishororo inavunjika ovyo na vina vinapotea. Rafiki ameniambia niyapige picha niziweke. Unashauri nini? (Mtunzi, Lamu)

Swali hili limenifurahisha, kwa sababu watengenezaji wa violezo hawakuwafikiria watunzi wetu hata kidogo. Mshororo wa mizani (silabi) 16, nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane za utao, yaani nusu ya pili, mara nyingi hauenei kwenye upana wa kioo cha simu. Chukua mshororo kama huu: “Ndugu ishike kalamu, maneno uyachague.” Simu ikikosa nafasi itaukata baada ya “maneno” na kulitupa neno “uyachague” chini peke yake, na msomaji asiyeujua muundo wa shairi atadhani huo ni mshororo mwingine. Kina cha kati kinajificha, cha mwisho kinabaki yatima, na urari uliouhangaikia hauonekani.

Dawa ni kukubali kwamba upana haupo na kuukata mshororo wewe mwenyewe mahali panapostahili, yaani penye kituo kati ya ukwapi na utao. Weka ukwapi mstari wa juu na utao mstari wa chini yake, ubeti mzima ukawa na mistari minane badala ya minne. Kwenye kompyuta, ukibonyeza kitufe cha kuingiza (Enter) peke yake, zana nyingi huanzisha aya mpya na kuacha nafasi kubwa. Ukikibonyeza huku umeshikilia kitufe cha herufi kubwa (Shift), mstari hushuka bila nafasi hiyo. Tumia njia hii ya pili ndani ya ubeti, na ile ya kwanza uitumie kati ya ubeti na ubeti. Waliozoea kuona mashairi yamechapwa magazetini kwa safu mbili watalalamika kidogo, lakini vina vyako vitasomeka kwenye kila simu. Usijaribu kuusogeza utao kwa kubonyeza nafasi mara nyingi, maana kivinjari kinaweza kuzipuuza, na hata kisipozipuuza kila simu itazipanga kwa namna yake.

Ushauri wa rafiki yako wa kupiga picha usiufuate. Huwezi kusahihisha neno moja bila kupiga picha upya, msomaji hawezi kunakili ubeti unaompendeza, na mtu asiyeona, anayetumia programu ya kumsomea maandishi kwa sauti, hatasikia chochote. Injini za utafutaji nazo zinategemea zaidi maandishi. Mtu anayekumbuka mshororo wako mmoja akauandika Google, ni vema aufikie ukurasa wako na si wa mwingine aliyeunakili.

Kila shairi lipe jina lake, na jina hilo ulipe mtindo wa kichwa kutoka kwenye orodha ya mitindo, si kulikoleza wino tu. Google Sites inaweza kutengeneza yenyewe orodha ya yaliyomo kutokana na vichwa hivyo, nayo haivitambui vichwa vilivyokolezwa kwa mkono. Chini ya kila shairi andika mwaka ulioutunga na mahali ulipo. Mambo haya mawili huonekana madogo leo, lakini ndiyo yatakayokusaidia siku ya kubishania nani alitangulia.

Je, ni lazima ninunue jina langu mwenyewe la tovuti? Linagharimu kiasi gani na ninunue lipi? (Mshauri wa kilimo, Iringa, na wengine)

Si lazima kwa kuanzia. Anwani ndefu ya bure inafanya kazi sawasawa, na mtu anayebonyeza kiungo kwenye WhatsApp hajali urefu wake. Jina lako mwenyewe linakuwa na maana pale unapoanza kuliandika mahali ambapo watu hawawezi kubonyeza: kwenye kadi, kwenye bango, au unapolitaja redioni. Lina faida nyingine kubwa zaidi, ambayo wengi huitambua wakiwa wamechelewa: ukilimiliki jina, unaweza kuhama kutoka zana moja kwenda nyingine na watu wakaendelea kukupata palepale. Google Sites inakuruhusu kuunganisha jina ulilonunua kwingine bila malipo ya ziada, Wix, WordPress.com na Carrd zinataka uwe mteja wa kulipia kwanza.

Jina linaloishia na .com kwa kawaida hugharimu kati ya dola 10 na 20 za Marekani kwa mwaka. Soma bei ya mwaka wa pili kabla ya kulipia wa kwanza, kwa sababu wauzaji wengi hushusha bei ya mwanzo na kuipandisha wakati wa kuhuisha. Kwa Tanzania yapo majina ya .co.tz kwa biashara na .me.tz kwa watu binafsi. Kwa Kenya yapo .co.ke na .me.ke, na yanasimamiwa na KeNIC. Kwa mshauri anayewahudumia wakulima wa Nyanda za Juu Kusini, jina la .co.tz linaeleza mahali alipo kabla hata ukurasa haujafunguka, na wauzaji wa ndani hupokea malipo kwa simu, jambo ambalo humwondolea mtu usumbufu wa kutafuta kadi ya benki inayokubalika nje.

Majina haya hupokea herufi za kawaida, tarakimu na kistari, basi. Kibainishi hakipiti, kwa hiyo mwenye ng’ katika jina lake ataandika ng: Ng’ambo itakuwa ngambo. Herufi kubwa na ndogo hazitofautishwi. Nafasi hazipo, na maneno mawili yakigusana huweza kuzaa neno la tatu lisilotakiwa. Liandike jina lote kwa herufi ndogo na umpe mtu mwingine alisome kabla hujalipa. Epuka kistari ukiweza, kwa sababu utakaporudia jina kwa simu utakuwa unaeleza kistari kila mara.

Jambo la kushikilia kuliko yote: jina lisajiliwe kwa jina lako na kwa baruapepe yako. Vijana wanaotengenezea watu tovuti mara nyingi husajili jina kwa akaunti zao ili kurahisisha kazi, bila nia mbaya, kisha mmoja akihama mji au mkikosana kuhusu malipo, unagundua kwamba kisheria jina ni lake. Dai uwe na uwezo wa kuingia kwenye akaunti ya msajili kabla hujamaliza kulipa. Weka ukumbusho wa tarehe ya kuhuisha, au lipia miaka kadhaa kwa pamoja, kwa .com unaweza kulipia hadi miaka 10. Jina la .com lililoachwa likafutwa hupewa siku 30 za kukombolewa, na ada ya kulikomboa ni kubwa kuliko ile ya kuhuisha. Baada ya hapo linaweza kuchukuliwa na yeyote.

Nimechapisha ukurasa wangu wiki mbili zilizopita lakini nikiutafuta Google hauonekani. (Mwongoza watalii, Arusha)

Wiki mbili ni muda mfupi, usikate tamaa. Kwanza, hakikisha kwamba wakati wa kuchapisha hukuweka alama kwenye chaguo linaloziomba injini za utafutaji zisiuonyeshe ukurasa. Pili, andika Google neno site: likifuatiwa bila nafasi na anwani yako nzima, ukurasa ukitokea, maana yake unajulikana ila uko nyuma ya wengine. Usipotokea, tumia Search Console, huduma ya bure ya Google inayokuruhusu kuthibitisha kwamba ukurasa ni wako na kuomba ukaguliwe. Injini hizi hupata kurasa mpya kwa kufuata viungo, kwa hiyo weka anwani yako kwenye wasifu wa mitandao yako yote ya kijamii na uwaombe unaofanya nao kazi waiweke kwenye kurasa zao.

Nimeangalia pia jina la ukurasa wako: ni neno la Kiingereza lenye maana ya nyumbani, lile lililokuja na kiolezo. Kurasa zisizo na idadi zina jina hilo. Mtu wa nje hatafuti nyumbani. Anatafuta mwongozaji wa kupanda Mlima Meru au wa kutazama ndege kando ya Ziwa Manyara. Yaandike maneno hayo kwenye kichwa cha ukurasa na kwenye aya ya kwanza, kwa lugha ambayo wageni wako wanaitumia kutafutia.

Wateja wanasema ukurasa wangu unawamalizia bando. (Muuza samani, Kampala)

Ni picha. Picha ya simu ya siku hizi yenye megapikseli 12 ina upana wa pikseli 4,000 hivi na uzito wa MB kadhaa, ilhali kioo cha simu nyingi kina upana usiozidi sana pikseli 1,000. Picha 20 za MB 4 kila moja ni MB 80 kwa mgeni mmoja. Zana nyingine huzipunguza zenyewe, nyingine hazifanyi hivyo. Zipunguze mwenyewe kabla ya kuzipakia mpaka upana wa pikseli 1,600 au chini yake, katika muundo wa JPEG, na kila moja itashuka hadi KB mia chache bila jicho kutambua. Video usiipakie kwenye ukurasa. Iweke YouTube na uweke kiungo, ili anayetaka kuiona aichague mwenyewe.

Ninaishi Muscat, na ndugu zangu wengine wako Unguja na London. Nataka kuweka historia ya ukoo wetu. Wazee husoma Kiswahili, vijana husoma Kiarabu au Kiingereza. Niupange vipi ukurasa, na kuna hatari gani? (Msomaji, Oman)

Usichanganye lugha katika ukurasa mmoja, aya kwa aya. Tengeneza kurasa tatu zenye maudhui yaleyale, na kwenye menyu kila lugha iandikwe kwa jina lake yenyewe ili mzee asihitaji kujua Kiingereza ndipo alifikie andiko la Kiswahili. Katika ukurasa wa Kiarabu, hakikisha aya zimeelekezwa kulia na ujaribu kwenye simu, kwa sababu violezo vingi vimebuniwa kwa maandishi yanayotoka kushoto. Anza na lugha moja uimalize. Ukianza tatu kwa pamoja, zote zitabaki nusu.

Hatari ni ya kweli. Nasaba ikiwekwa hadharani humpa tapeli majina ya mama, tarehe za kuzaliwa na uhusiano wa watu, na hayo ndiyo mambo yanayoulizwa na benki na kampuni za simu wanapothibitisha mtu. Kwa walio hai, weka majina tu bila tarehe, au uchapishe ukurasa kwa watu maalumu kwa kuorodhesha baruapepe za ndugu. Picha za watoto ziache mpaka wazazi wao wakubali kwa maandishi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023.

Hapa niwaambie na wengine: nimeona kurasa za watafuta kazi zenye picha za vyeti na vitambulisho. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo anayeiweka hadharani ametoa mambo mawili kwa mpigo. Cheti chenye sahihi na muhuri ni kielelezo kizuri kwa mghushi. Andika kwamba unacho na utakionyesha ukiombwa.

Je, Tanzania ninahitaji leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ili kuwa na ukurasa binafsi? (Mwanasheria mtarajiwa, Dar es Salaam)

Wasiwasi huu ulitokana na Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018, zilizowataka wenye blogu kupata leseni na kulipa ada. Kanuni hizo zilifuatwa na nyingine za 2020, nazo zikarekebishwa mwaka 2022. Ukurasa unaosema wewe ni nani na unafanya kazi gani si sawa na chombo cha habari. Lakini ukianza kuchapisha habari na matukio mara kwa mara, au kurusha vipindi, umeingia eneo jingine. Waulize TCRA kwa maandishi na ulitunze jibu lao, jambo ambalo mwanasheria mtarajiwa hahitaji kufundishwa.

Zana hizi za bure zikifungwa, kazi yangu itakwenda wapi? (Mwandishi wa habari za michezo, Bujumbura)

Itapotea, kama huna nakala. GeoCities, huduma iliyowapa watu kurasa za bure, ilianza mwaka 1994, ikanunuliwa na Yahoo mwaka 1999, na mwaka 2009 ikafungwa ikiwa na mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida. Kilichookolewa kiliokolewa kwa juhudi za watu wa kujitolea na Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa. Google nayo imefunga huduma nyingi. Hata biashara yake ya kuuza majina ya tovuti iliiuza kwa Squarespace mwaka 2023.

Lakini hatari iliyo karibu zaidi ni akaunti yako mwenyewe. Tangu Desemba 2023 Google inaweza kuifuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, pamoja na vilivyomo. Ingia mara kwa mara, na uhakikishe namba ya simu ya kurejesha akaunti ni unayoitumia, kwa maana laini iliyoachwa hupewa mtu mwingine. Mara mbili kwa mwaka tumia Google Takeout kupakua nakala ya Drive na kurasa zako. Nakala hiyo si tovuti iliyo tayari kuwekwa kwingine, kwa hiyo maandishi yako ya asili na picha zilizo kamili ziwe kwenye folda moja nje ya mtandao, zikiwa na majina yanayoeleweka.

Nikichoka nao, nitaufutaje? (Asiyetaja mahali)

Kwenye Google Sites bonyeza mshale ulio kando ya kitufe cha kuchapisha na uchague kuondoa uchapishaji. Rasimu yako itabaki salama kwenye Drive. Google inaweza kuendelea kuonyesha kichwa cha ukurasa kwa siku kadhaa, na kupitia Search Console unaweza kuomba kiondolewe haraka. Nakala zilizokwisha kuchukuliwa na Internet Archive au na watu binafsi hutaweza kuzifuta kwa kitufe hicho. Kama anwani hiyo iko kwenye wasifu wako au kwenye kadi, iondoe huko kwanza.